Kadi mpoteze ninyi, kiapo nile mimi? Barua ya wazi kwa viongozi wa chama chetu cha akiba na mikopo, Kigoma

Mwenyekiti wa Bodi,
Wajumbe wa Bodi na wa Kamati ya Usimamizi,
Meneja,
Chama chetu cha Akiba na Mikopo,
Kigoma Mjini.

Ndugu Mwenyekiti na ndugu viongozi,

YAH: KADI YA GARI LANGU ILIYOPOTEA IKIWA MIKONONI MWENU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu, na nawapa pole na majukumu. Jina la chama silitaji hapa, wala la kiongozi yeyote, wala langu. Ninyi mnanijua. Namba yangu ya uanachama iko kwenye kila barua niliyowaletea, na nakala nilizobaki nazo zina muhuri wenu wa kupokelea. Barua hizo hazikujibiwa hata moja. Nilichojibiwa ni maneno ya mlangoni: "mama, tunalifanyia kazi", "mama, subiri Bodi ikae", "mama, meneja yuko kwenye semina". Bodi imekaa, semina imekwisha, na kadi yangu haijaonekana. Ndiyo maana leo nasema penye watu.

Kwa faida ya wanachama wenzangu watakaosoma, kisa ni hiki. Nilikopa kwenu kwa kuweka dhamana ya kadi ya gari langu, Suzuki Carry, haya magari madogo ya mizigo tunayoyaita kirikuu. Ndilo linalopandisha magunia ya dagaa kutoka Kibirizi na kubeba madumu ya mawese kutoka Simbo na Mahembe kuja soko la Mwanga. Gari lilibaki kwangu likifanya kazi, kadi ikabaki kwenu kabatini. Ndivyo mikopo ya namna hii inavyokwenda, sikuona ubaya. Nimelipa mkopo wote na riba yake yote. Mmeniandikia wenyewe barua kuthibitisha kwamba sidaiwi kitu. Barua hiyo mliiandika upesi kweli kweli, nawashukuru. Nilipouliza kadi yangu ndipo hadithi zilipoanza.

Sasa nataka kuliuza gari na siwezi. Injini ni nzima, gia boksi ni nzima, tairi zina maua. Kinachokosekana ni karatasi yenye jina langu, namba ya usajili, namba ya chasisi na namba ya injini. Malalamiko yangu nayapanga hapa chini moja baada ya jingine, ili atakayenijibu asiseme hakuelewa ninacholalamikia.

1. Kadi mliipokea kwa maandishi

Ninayo hati ya makabidhiano ya dhamana. Ina tarehe, ina saini ya afisa mikopo aliyepokea, ina muhuri wa chama, na imeambatanishwa na kivuli cha kadi kilichothibitishwa na wakili. Kwenye daftari lenu la dhamana kuna mstari wangu. Upande wa kukabidhi nimesaini. Upande wa kurudishiwa ni mweupe, na Meneja mwenyewe aliniwekea kidole hapo tukatazama wote wawili. Kwa hiyo tusibishane kama kadi ilifika kwenu. Ilifika, na haikutoka kwa mkono wangu.

Imekwenda wapi? Kwanza niliambiwa ipo, ila aliyeshika ufunguo wa kabati amesafiri kwenda Dar es Salaam na ufunguo. Baadaye nikaambiwa ilipotea siku ofisi ilipohama kutoka jengo la zamani. Halafu nikaambiwa kwamba afisa aliyeipokea ameacha kazi na hakukabidhi vizuri. Kila moja ya sababu hizi, ukiichukua peke yake, inaweza kuwa kweli. Zikiwekwa pamoja hazikai. Kama kadi ilipotea mkihama, mtu wa ufunguo alinisubirisha ya nini? Na kama afisa aliondoka bila makabidhiano, nani alijuaje kwamba iko kabatini? Mwanachama akiambiwa mambo matatu tofauti na ofisi ileile, ana haki ya kudhani kwamba hakuna aliyewahi kufungua kabati akatazama.

2. Kiapo mnachotaka nile

Hili ndilo lililonifanya niandike hadharani, mengine ningeendelea kuyavumilia.

Utaratibu wa kadi ya gari iliyopotea unajulikana, na mimi sina ugomvi nao. Unaanzia polisi, unapata taarifa ya upotevu, siku hizi hata mtandaoni inaombwa. Unakwenda kwa wakili au kwa kamishna wa viapo mwingine, unaapa hati ya kiapo inayoeleza ilivyopotea. Unapeleka ombi Mamlaka ya Mapato, TRA, ambao ndio wenye daftari la usajili wa magari, nao wakijiridhisha wanatoa kadi nyingine badala ya ile. Mtu aliyepoteza kadi yake kwenye basi la Kasulu afanye hivyo, na Mungu amsaidie amalize mapema.

Ninyi mlifanya nini? Mlinipa karatasi iliyokwisha kuchapwa, imebaki sehemu ya saini yangu tu. Imeandikwa kwamba mimi, nikiwa katika shughuli zangu za kila siku, niligundua kuwa kadi imepotea mahali nisipopafahamu. Mstari wa chini yake unasema kadi hiyo haijawahi kuwekwa dhamana popote kwa mtu wala taasisi yoyote. Halafu mkaniambia, "Mama, saini tu hapa, ukitoka pita polisi, jambo dogo hili."

Ndugu Mwenyekiti, mahali pa kadi mimi napafahamu. Ni ofisini kwenu. Na imewahi kuwekwa dhamana, iliwekwa kwenu. Karatasi yenye mistari michache mmeitia uongo mara mbili, na wote mmeuandika kwa jina langu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, inahesabu kiapo cha uongo kuwa kosa la jinai. Taarifa ya uongo polisi nayo ni kosa. Hayo ni ya serikali. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimelelewa kuogopa kiapo hata cha kweli.

Tuseme nisaini kwa kuchoka. Itakuwaje siku kadi ya kwanza ikitokea? Hakuna kati yenu aliyeweza kuniambia kwa uhakika kwamba kadi imepotea. Mnasema haionekani. Kitu kisichoonekana kinaweza kuwa chini ya kabati, na kinaweza kuwa kwa mkopeshaji wa mtaani kimewekwa dhamana na mtu mwingine. Wapo watu mjini hapa wanaokopesha kwa kadi za magari bila kuuliza sana zimetoka wapi. Akitokea mtu kama huyo ameshika kadi halisi, mimi nina kadi mbadala na nimekwisha kuliuza gari kwa mtu wa tatu, polisi watamshika nani kwanza? Watamshika aliyeapa, ambaye ni mimi. Ninyi mtaleta daftari la dhamana mahakamani kuonyesha kwamba kadi niliwakabidhi, na daftari hilohilo ndilo litakaloonyesha kwamba niliapa uongo.

Njia ya kweli ipo na haina ugumu. Niliuliza kwa wakili hapa mjini, akasema viapo vinaweza kuwa viwili. Changu kinasema: mimi ni mmiliki, niliikabidhi kadi kwa chama tarehe fulani, hati ya makabidhiano hii hapa, mkopo nimemaliza, sijarudishiwa. Cha chama, kinachoapwa na kiongozi mwenye mamlaka, kinasema: tuliipokea, tumeitafuta, hatuioni, hatuna dai lolote juu ya gari hilo. Taarifa ya upotevu polisi ikatolewe na taasisi iliyopoteza, kwa barua yake. Kila mtu aape alichokiona kwa macho yake. Nilipowaeleza hivyo, afisa mmoja alicheka akasema chama hakiwezi kujiandikia makosa yake. Sawa. Mimi nami siwezi kukiandikia chama makosa yake nikayaita yangu.

3. Ushauri wenu wa "uza kwa mkataba, kadi itafuata"

Ushauri huu nimepewa na mjumbe wa Bodi, mtu ninayemheshimu, na naamini alinipa kwa nia njema. Alisema magari mangapi yanauzwa hapa Kigoma kwa mkataba wa ofisi ya mtaa, muhuri wa mwenyekiti, mashahidi wawili, na maisha yanaendelea. Ni kweli yanauzwa. Ninayajua baadhi, na ninawajua waliolia.

Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba fulani alimpa fulani fedha. Hauhamishi umiliki. Umiliki unahama TRA, na wao wanataka kadi halisi, mkataba wa mauziano, namba za mlipakodi za muuzaji na mnunuzi, na malipo yake: ada ya kuhamisha umiliki shilingi 50,000 kwa gari, ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, na shilingi 10,000 za kadi mpya. Kadi ikikosekana, hayo mengine yote hata ukiyapanga mezani hayasogei. Gari litakuwa Kasulu au Kibondo kwa bwana mwingine, na kwenye mfumo litaendelea kuwa la kwangu mimi wa Ujiji.

Mnajua maana yake. Dereva akizidisha mwendo akaandikiwa faini ya shilingi 30,000, inaandikwa kwenye namba ya gari, na namba ya gari ina jina langu. Akigonga mtu akakimbia, anayetafutwa kwanza ni mwenye jina. Gari likikamatwa na mzigo wa magendo kwenye njia ya Manyovu, niamke usiku kueleza kwamba niliuza kwa mkataba na kadi itafuata. Wenye kumbukumbu hawajasahau enzi za leseni ya gari ya kila mwaka, kabla haijafutwa mwaka 2017 na makato yake kuhamishiwa kwenye mafuta. Watu waliouza magari kwa mkataba mtupu walikuta madeni ya miaka kadhaa yanawasubiri, ya magari wasiyojua hata yako mkoa gani, pengine yalishakuwa vyuma chakavu. Leseni ile imefutwa, lakini jina kwenye daftari linaendelea kumfuata mwenye nalo.

Na mnunuzi je? Alikuja mtu wa Kasulu, mtu mwenye adabu zake, akalizunguka gari, akaliwasha, akaingia chini akatazama chasisi, akalipenda. Bei tukaelewana bila kelele. Akaomba kuona kadi. Nikamwonyesha kivuli na hati yenu ya makabidhiano. Aliisoma yote taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Mama, gari ni zuri, ila mimi nanunua gari, sinunui kesi." Akaondoka. Sikumlaumu hata kidogo, maana ningekuwa mimi ningeondoka mapema zaidi. Angenunua asingeweza kulikopea, asingeweza kulihamisha, asingethubutu kulisogeza mpakani, na akifa leo warithi wake wangeanza kunitafuta mimi ili nao wanunue kilekile ambacho baba yao alikwisha kulipia.

Waliokuja baada yake walikuja na bei nyingine. Madalali wetu wanajua harufu ya gari lisilo na kadi. Mmoja alishusha bei karibu nusu, na nilipokataa akaniuliza kwa upole ninamsubiri nani. Swali hilo nalileta kwenu.

4. Hasara inayoendelea

Nafupisha hapa, kwa kuwa hesabu kamili nimewapelekea kwa maandishi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mzigo wa dagaa ulikatika na gari likasimama uwani. Sikulalamika. Ziwa likipumzika tutakula wote. Niliona ni wakati wa kuliuza, niongezee nilichonacho ninunue mashine ya kukamulia mawese, kwa sababu chikichi ndiyo kazi ya mkoa huu sasa. Tangu serikali ilipoanza kulivalia njuga zao la michikichi mwaka 2018, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikawa kinazalisha mbegu bora, kila mwenye robo eka anataka kupanda. Mwenye mashine atakuwa na kazi. Mashine hiyo mpaka leo sijainunua. Gari limezidi kuzeeka, bima nimelipia, fundi nimemlipa, na kila msimu unaopita bei ya kirikuu ya miaka ile inashuka. Hasara hiyo haikuletwa na ziwa wala na soko.

5. Kabati lenu si la kadi yangu peke yake

Kuna kijana wa bodaboda wa Katubuka aliyemaliza mkopo wa pikipiki na anaambiwa maneno yaleyale, mpaka lile la ufunguo. Kuna mwalimu mstaafu ambaye hati ya kiwanja chake iko kwenu na amenikataza nisimtaje zaidi ya hapo, kwa kuwa bado ana mkopo na anaogopa. Wanachama wangapi hawajui kama dhamana zao zipo? Aliyemo kwenye marejesho haulizi kadi, anajua itatoka akimaliza. Atauliza siku atakapoihitaji, kama nilivyofanya mimi.

Najua mtakayojibu, kwa hiyo niyatangulie machache.

Mtasema siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo, jina langu TRA wanaliona kwenye kompyuta, kadi ni karatasi tu. Nilipokuja kukopa mbona hamkusema hivyo? Mlitaka karatasi yenyewe, halisi, mkaigeuza mbele na nyuma mkaimulika kwenye taa. Kama ilikuwa na thamani ya kunipa mamilioni, ina thamani ya kutafutwa.

Mtasema aliyepokea ameacha kazi. Kadi sikumkabidhi yeye kama jirani yangu. Niliikabidhi kwa chama, na muhuri uliogongwa ni wa chama, ambao haujaacha kazi.

Mtasema gharama zozote zitatoka kwenye mfuko wa wanachama, kwa hiyo nawaumiza wenzangu. Hili naliheshimu kuliko mengine, maana mfuko ule una akiba yangu pia. Ila gharama za kadi mbadala ni ndogo. Kinachoweza kuumiza mfuko ni kesi, na kesi italetwa na kuchelewa. Na kama kuna mtumishi aliyezembea, sheria za kazi na masharti yenu yanajua la kumfanya, msiugeuze mfuko wa wanachama kuwa shamba la bibi la kufunika uzembe wake.

Mtasema mambo ya chama yanamalizwa ndani ya chama. Nilibaki ndani kwa muda mrefu mno. Masijala yenu ina ushahidi, kama nayo haijahama.

Yupo pia aliyeninong'oneza kwamba nikiendelea hivi sitapata mkopo tena. Huyo sina jibu lake, ila namkumbusha kwamba mimi ni mwanachama mwenye hisa. Chama cha akiba na mikopo kinaendeshwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo imetuweka daraja la tatu chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mwenye chama ni Mkutano Mkuu. Bodi tunaichagua sisi.

Na mkataba wa mkopo, ambao mliuandika ninyi na mimi nikasaini tu, unasema dhamana itarudishwa kwa mkopaji mara deni litakapokwisha. Nimeusoma mara nyingi. Hausemi itarudishwa ikionekana.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Barua ya chama yenye kichwa cha barua, saini na muhuri, inayokiri kwamba kadi ya gari langu ilipokelewa, tarehe ya kupokelewa, nani aliipokea, na kwamba haijarudishwa. Humo humo iandikwe kwamba chama hakina dai lolote juu ya gari. Barua hii haihitaji kikao. Yote yako kwenye daftari lenu.

(b) Kabati lifunguliwe na kukaguliwa mbele ya Kamati ya Usimamizi, nikiwapo au mwakilishi wangu akiwapo, na matokeo yaandikwe. Huenda kadi ipo. Ningefurahi kuliko mtu yeyote, na nitawashukuru hadharani hivihivi ninavyowalalamikia.

(c) Kama haipo, chama kitoe taarifa polisi kwa jina la chama, kiongozi mwenye mamlaka aape kiapo cha kweli upande wa chama, mimi nitaapa cha kweli upande wangu, na ombi la kadi mbadala lipelekwe TRA likiwa na viapo vyote viwili. Mwakilishi wa chama aongozane nami dirishani. Akiulizwa swali, ajibu yeye. Gharama zote za hatua hizi zilipwe na chama moja kwa moja, nisiambiwe nitangulize halafu nitarudishiwa.

(d) Ile karatasi ya kiapo iliyochapwa tayari iondolewe matumizini. Nimesikia nao wengine wamepewa. Kama yuko mwanachama aliyekwisha kuisaini, aitwe na aelezwe kwa uwazi alichosaini, mapema, kabla hajaelezwa na polisi.

(e) Bodi ikae nami kuhusu hasara niliyoieleza. Sidai fedha za ndoto. Nina bei ya mnunuzi wa kwanza kwa maandishi na nina bei ninayopewa sasa. Tofauti yake tuijadili.

(f) Ukaguzi wa dhamana zote zilizo kabatini uwe ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, na kila mwanachama asomewe: yako ipo, au haipo.

Naomba barua ya (a) ndani ya siku 14 tangu leo, na ukaguzi wa (b) ufanyike katika muda huohuo. Nisipopata, nitapeleka nakala za barua zangu zote, hati ya makabidhiano na ile karatasi ya kiapo kwa Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa Mkoa, na nitamwomba awaeleze wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, waanzie kabatini watakapokuja kukagua vitabu. Karatasi ya kiapo ninayo halisi. Sijaikunja, na sikuipa mtu mwingine anitunzie.

Kwa wenzangu wanaotaka kununua gari langu: bado lipo, bado zima, na sitaliuza bila kadi hata mkinijia na bei nzuri. Nipeni muda. Kwa wanachama wenzangu mlioweka kadi au hati kwenye chama chetu, nendeni Jumatatu asubuhi mkaombe kuonyeshwa, mkiwa na karatasi zenu za makabidhiano mkononi. Mkiambiwa ufunguo umesafiri, ulizeni unarudi lini, na jibu lake liandikwe.

Majibu yangu nayaomba kwa barua. Simu sitapokea kwa jambo hili, wala ujumbe wa kupitia kwa shemeji.

Wenu katika ushirika,

Mwanachama (jina na namba mnavyo kwenye faili, kama faili lipo),
Ujiji, Kigoma.

Nakala:
Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi.
Wanachama wote, kwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chama.